Ile rangi nyekundu kwenye pua ya boti: kompyuta inapima nini majini, na nini haipimi

Wandugu, ile videyo ya boti yenye rangi imefika karibu kila telefone hapa Goma, na nafikiri Bukavu pia mmeiona. Ni boti ya kuchora, inatembea juu ya maji ya kuchora, puani iko nyekundu kama pilipili, ubavuni kijani, nyuma bluu, na chini mtu ameandika eti boti hii imepimwa na kompyuta, haiwezi kupinduka. Pale bandari ya Kituku siku moja nilisikia mambo mawili: kijana mmoja wa kubeba mizigo anasema pale penye nyekundu njo mbao itapasuka, na mama mmoja wa ndizi anamjibu hapana mwanangu, hiyo imeshapimwa, wakitutengenezea kama hiyo tutaenda Minova na kurudi bila kuogopa. Wote wawili hawakuelewa ile picha, na si kosa lao, juu hakuna mtu aliyewaambia inajibu swali gani. Nataka nieleze polepole, maana kwetu hapa kando ya ziwa Kivu habari ya boti inagusa karibu kila nyumba.

Tuanze na maneno. Nikisema tumbo la boti nina maana ya ile sehemu yote inayoingia majini, toka pua hadi nyuma. Ukinzani ni nguvu ambayo maji yanalirudishia hilo tumbo ukitaka liende mbele: ukipiga kasia halafu ukaacha, mtumbwi unateleza kidogo kisha unasimama, kilichousimamisha ni ukinzani. Na simulasio ni kuiga kitu kwa hesabu kabla ya kukifanya. Mama anayejiandaa kwa harusi anapiga hesabu watu 200 watakula kilo ngapi za mchele, hajawasha hata makala ya jikoni, lakini hesabu ikiwa nzuri sufuria itatosha. Akisahau kuhesabu wale wanaokuja bila kualikwa, hesabu itabaki nzuri kwenye karatasi na watu watalala njaa. Shikeni huo mfano, tutaurudia.

Sasa maji yanazuia boti namna gani? Namna ya kwanza ni kunata. Watu wengi wanafikiri ukipaka boti rangi inayong'aa sana au mafuta basi maji yatateleza tu, lakini maji yanayogusa ubao hayatelezi hata kidogo, yanashikamana nao na kwenda pamoja nao. Angalia mwiko ndani ya uji, ule uji unaogusa mwiko unakwenda na mwiko, wa pembeni kidogo unavutwa, wa mbali hausikii kitu. Au angalia moto, yaani pikipiki, iliyotoka Sake kwa vitesi kali, mwendo wa haraka: upepo wote ule na bado vumbi laini imekaa juu ya tanki, kwa sababu hewa iliyogusa chuma haiendi. Kwa hiyo kila boti inatembea na kanzu nyembamba ya maji iliyovaliwa mwilini, na kuburuta hiyo kanzu kunakula nguvu. Mjerumani mmoja, Ludwig Prandtl, alieleza jambo hili vizuri mwaka 1904. Kabla yake wataalamu wa hesabu walikuwa na aibu kubwa, juu tangu 1752 Mfaransa d'Alembert alikuwa ameonyesha kwamba ukihesabu maji kama kitu kisichonata kabisa, jibu linatoka kwamba kitu kilichozama kikienda kwa mwendo usiobadilika hakizuiwi na chochote. Sifuri! Mtu yeyote aliyewahi kupiga kasia anajua hiyo ni uongo, lakini hesabu haikuwa na makosa, kilichokosekana ni ule unato walioutoa ili kazi iwe rahisi.

Namna ya pili ni umbo. Pita Birere siku ya soko na gunia kichwani. Watu wanakupisha mbele, sawa, lakini tatizo liko nyuma yako: wakirudi kufunga njia taratibu hakuna shida, wakikawia panabaki uwazi na fujo, kila mtu anageuka na kusukumana. Maji iko vilevile. Yakishindwa kufunga vizuri nyuma ya boti yanazunguka-zunguka pale, na nyuma panapungukiwa msukumo, kwa hiyo boti ni kama inanyonywa kurudi. Ndiyo sababu ile imani ya kwamba ukichonga pua kali kama kisu umemaliza kazi si kweli. Tazama samaki: kichwa kinene, mkia mwembamba. Kwa boti inayokwenda polepole, namna unavyomaliza nyuma inaweza kukugharimu kuliko namna ulivyoanza mbele, na mi nimeona mafundi wakikaa siku tatu kwenye pua halafu nyuma wanakata mkato mmoja wa msumeno basi.

Ya tatu ni mawimbi, si ya upepo, nasema yale boti inayotengeneza yenyewe. Kila wimbi ni maji yaliyonyanyuliwa, na kunyanyua maji ni kazi, na anayelipa ni mwenye kununua esansi, yaani petroli. Wimbi linavyokwenda kwa kasi ndivyo linavyokuwa refu, na wimbi la boti linakwenda na boti, kwa hiyo ukiongeza vitesi wimbi lako linarefuka hadi linakuwa refu sawa na boti yenyewe. Hapo pua iko juu ya kilima kimoja, nyuma iko juu ya kilima kinachofuata, na ukizidisha kidogo tu nyuma inazama ndani ya shimo, na boti inapanda mlima wake mwenyewe ambao hauishi. Kwa mtumbwi wenye mita 7 majini hiyo inafika kwenye kilometa 12 hivi kwa saa, kwa boti ya mita 16 ni karibu 18. Si ukuta wa saruji, mitumbwi mirefu myembamba inaweza kuupita kidogo kwa sababu mawimbi yake ni madogo, na kanoti za vitesi, vile viboti vyepesi vya mwendo mkali, zenyewe zinanyanyuka na kuteleza juu ya maji, lakini boti nene yenye mzigo ikifika hapo, kufunga moteri kubwa zaidi ni kuchoma pesa: pua inapanda, kelele inaongezeka, kisiwa cha Idjwi kinabaki kule kule.

Hapa niseme neno juu ya imani moja ya kwetu, kwamba maji ya Kivu ni mazito kwa sababu ya gesi na ndiyo maana moteri zinachoka. Gesi ipo kweli, methani na kaboni dioksidi nyingi sana, lakini zimekaa chini huko, mamia ya mita, na boti yako inagusa mita moja ya juu. Moteri inachoka kwa sababu nyingine: ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na moteri ya kawaida inayovuta hewa yenyewe inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Maji hayana kosa hapo.

Sasa vipimo. Kabla ya kompyuta watu walipima kwa kuvuta. Mwingereza William Froude, mwaka 1867, alitengeneza viboti vya mfano vya aina mbili, kimoja akakiita Raven, chenye ncha kali, kingine Swan, chenye ncha nene, akavivuta mtoni kwa vitesi tofauti. Wakubwa wa wakati ule walikuwa na hakika kwamba ncha kali inashinda daima. Haikuwa hivyo, kila umbo lilikuwa na vitesi vyake. Halafu mwaka 1871 akavuta meli ya kweli, Greyhound, nyuma ya meli nyingine iitwayo Active, kamba ikitokea kwenye mti mrefu uliotoka ubavuni ili Greyhound isipite ndani ya maji yaliyovurugwa. Akalinganisha na kiboti cha mfano, na hesabu yake ikashika. Ndiye aliyetuachia ile sheria kwamba ukitaka mawimbi ya kiboti yafanane na ya meli, kiboti kidogo mara 25 lazima kiende polepole mara 5. Tatizo ni kwamba kwa mwendo huo ule unato haufanani, unato una sheria yake nyingine, kwa hiyo lazima ugawe ukinzani vipande viwili, cha ngozi ukihesabu peke yake, cha mawimbi peke yake. Mpaka leo mabwawa ya kuvutia viboti yanafanya hivyo.

Mi sina bwawa, lakini ziwa liko. Mwaka jana, pale ufukweni Kinyogote, nilimuomba papa mmoja fundi wa mitumbwi tufanye kama Froude. Tulichukua mtumbwi wake wa mita 7 na mawe ndani badala ya watu, mtumbwi mwingine wenye kamoteri kadogo uuvute, kamba tukaipitisha kwenye mti wa mkaratusi uliotokeza pembeni, na katikati ya kamba tukafunga mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza wanayopimia samaki. Vitesi tulisoma kwa telefone. Asubuhi mapema, ziwa limelala kama kioo. Kwa kilometa 5 kwa saa, mshale ulichezacheza kwenye kilo mbili na nusu. Papa akanitazama akasema, “Mwanangu, mtumbwi wote huu na mawe haya, nguvu yake ni mfuko wa mchele wa mtoto?” Ndiyo papa. Tukapanda hadi kilometa 10. Mshale ukaenda kwenye kilo 13 hivi, na kamba ikaanza kuimba.

Vitesi mara mbili, nguvu ya kuvuta mara tano na zaidi. Kwa unato na umbo peke yake ingekuwa kama mara nne, kinachozidi ni yale mawimbi yanaanza kudai sehemu yao. Na moteri yenyewe lazima itoe nguvu hiyo kwa haraka mara mbili, yaani moteri ya mara kumi. Ukitaka kujua kwa nini dereva mwenye hekima anapunguza kidogo tu na bidoni moja ya esansi inabaki, jibu ni hilo, hakuna uchawi.

Halafu nikarudi nyumbani nikafanya mtumbwi uleule kwenye kompyuta. Kuna programu inaitwa OpenFOAM, iko wazi kwa kila mtu tangu 2004, hulipi kitu, ila ukubali kuteseka kujifunza. Inavyofanya kazi: unachora tumbo la boti, halafu unachora kipande cha ziwa kulizunguka, na hicho kipande unakikata vijumba vidogo sana, laki nyingi, mara nyingine milioni na milioni. Kwa kila kijumba kompyuta inauliza maswali ambayo mtu wa duka anaulizia stoku: kimeingia nini, kimetoka nini, jirani ananisukuma kiasi gani, mi nawasukuma kiasi gani, ndani ni maji au hewa au nusu kwa nusu. Sheria za kujibu hayo zilianzishwa na Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na Stokes 1845, na ni ngumu kiasi kwamba tangu mwaka 2000 kuna zawadi ya dola milioni moja kwa atakayethibitisha jambo la msingi tu juu yake, kwamba majibu yake daima yapo na hayavunjiki, na bado haijachukuliwa. Kompyuta haizitatui kwa ujumla, inabahatisha kwa akili: inajibu kijumba kwa kijumba, inasogeza saa mbele kidogo sana, inajibu tena, maelfu ya mara.

Na ukubwa wa vijumba ni sawa na matundu ya wavu. Ukitega wavu wa matundu makubwa sambaza, wale samaki wetu wadogo, wote wanapita, halafu asubuhi unasema ziwani hakuna samaki. Maji nyuma ya boti yana mizunguko mikubwa na midogo mpaka ile midogo kama punje, na hakuna kompyuta ya kawaida inayoweza kuweka vijumba vya kuikamata yote, kwa hiyo ile midogo inakadiriwa kwa kanuni za jumla. Kanuni hizo ni nzuri, zimejaribiwa miaka mingi, lakini ni makadirio, na mwenye simulasio anachagua ipi atumie. Watu wawili, boti moja, programu moja, wanaweza kutoa majibu mawili.

Langu la kwanza lilitoka kilo moja na nusu kwa kilometa 5. Mizani ilisema mbili na nusu. Nilikaa na hiyo tofauti wiki nzima, nikaongeza vijumba, nikabadilisha kanuni, jibu likasogea kidogo tu. Nikarudi Kinyogote, tukaupindua mtumbwi mchangani, nikapitisha kiganja chini. Kulikuwa na ukoka wa kijani unaoteleza, mzito kama sufu ya kondoo, kwenye kila kiungo cha mbao lami ilikuwa imetoka nje kama kidole, na ubao mmoja wa nyuma umechomoza upana wa msumari. Kwenye kompyuta nilikuwa nimechora ngozi laini kama sahani mpya. Ile njo wageni wa harusi wasioalikwa. Tulipousugua na kusawazisha ule ubao, mizani ilishuka hadi kwenye kilo mbili, na mi nilipoiambia kompyuta ukali wa kweli wa ngozi, jibu lake likapanda likaikaribia mizani. Kwa hiyo mtu akikuambia “kompyuta imesema”, muulize imeambiwa nini, na muulize kuna mtu aliyevuta kamba kulinganisha.

Turudi kwenye rangi sasa, utaona ni jambo dogo. Kompyuta haioni rangi, inatoa namba, kwa kila kijumba namba zake, na mtu anachagua namba zipi zipakwe na nyekundu ianzie wapi. Kwenye ile videyo nyekundu ya puani ni msukumo wa maji, pale maji yanapogongana na pua na kusimama kidogo kabla hayajagawanyika, ni jambo la kawaida kwa kila boti duniani. Mwingine angeweza kupaka boti ileile ikawa ya bluu kote, namba zilezile. Haisemi mbao itapasuka, kwa hilo kuna hesabu nyingine kabisa, ya nguvu ya mbao na misumari.

Na kupinduka je? Hapa njo nataka tuelewane vizuri. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka mbele ya Kituku, watu walioko ufukweni wanaona, nchi kavu iko pale karibu, na makumi ya ndugu zetu wakafa. Tangu siku hiyo kila mtu anatafuta boti isiyopinduka na mi naelewa. Lakini simulasio ya ukinzani kwa kawaida inaiweka boti imesimama wima, ziwa tulivu, mzigo umetulia, hakuna mtu anayehama upande mmoja kumwangalia ndugu yake bandarini, hakuna magunia juu ya paa. Haijaulizwa swali la kupinduka, kwa hiyo haiwezi kulijibu.

Tena inaweza kutuponza. Ukitafuta umbo linalozuiwa kidogo zaidi, hesabu itakuvuta kwenye boti nyembamba, juu wembamba unapunguza mawimbi. Na wembamba ndio adui wa kutulia. Kwa mzigo uleule na urefu uleule, ukipunguza upana uwe nusu, ule uwezo wa umbo wa kuirudisha boti ikiinama unashuka hadi sehemu moja ya nane. Moja ya nane! Kwa hiyo boti inayopendeza kuliko zote kwenye videyo ya rangi inaweza kuwa ndiyo ya kwanza kupinduka ikijaa watu. Boti mpya ikiletwa na picha kama hizo, nasi tukaijaza kwa kuamini picha, tutarudi kulekule.

Wavuvi wetu wa sambaza walilitatua hili zamani. Mitumbwi mitatu myembamba, imeachana, imefungwa kwa miti mirefu: kila mmoja unakata maji kama kisu, na yote pamoja ina upana ambao hauinamishwi kirahisi. Wanalipa kwa ngozi nyingi zaidi majini, matumbo matatu badala ya moja, lakini kwa mwendo wao wa kasia na nyimbo usiku, hiyo ni bei ndogo. Ukiniuliza simulasio ifanywe juu ya nini hapa Kivu, nitasema juu ya hiyo: miti iwe na urefu gani ili wimbi la mtumbwi huu lisimgonge jirani yake.

Na kupima kutulia hakuhitaji kompyuta. Boti ikiwa majini, mahali pasipo na upepo, unafunga jiwe kwenye kamba ndefu liningʼinie katikati, ncha yake karibu na ubao uliochorwa mistari. Unachukua mifuko ya mchanga uliyoipima kilo, unaisogeza toka katikati hadi ubavuni, hatua unazozijua, unasoma jiwe limehama mistari mingapi. Mafundi wa meli wanafanya hivyo dunia nzima. Jiwe likihama sana kwa mzigo mdogo, hiyo boti haitulii, hata kama puani ni nyekundu, kijani au dhahabu.

Tuliifanya na papa kwenye mtumbwi wake mchana uleule tulipousugua. Mifuko miwili ya kilo 25, nusu mita kwenda kulia, na jiwe likahama upana wa kiganja. Papa akachukua makala akachora alama pale liliposimama, akaandika tarehe. Akasema mtumbwi unaofuata atauongeza upana mkono mmoja, halafu tutaurudisha kwenye kamba na mizani tuone huo mkono unakula kilo ngapi.